Mkwe Hakuwamo Kwenye Orodha

Ibighi, Tukuyu
Jumatano, 15 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta jikoni karibu na moto, maana kwa baridi hii ya mwezi wa tano sidhani kama kuna mtu wa Nkunga anayekaa kwingine. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea usiwagawie majirani wote. Nakujua, chupa ikiingia asubuhi, jioni imekwisha na wewe bado unachechemea. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baraka amejua kuhesabu hadi hamsini, ingawa thelathini anairuka kila siku na ukimsahihisha ananuna. Mdogo wake amepona kikohozi. Lugano anakusalimu sana. Kiwandani kwao majani ya chai yamekuwa mengi kwa mvua hizi, akirudi nyumbani hana hata nguvu ya kuvua buti.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Mama, simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, na spika yake inasikika hadi kwa jirani wa tatu. Haya si ya kusikika. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Na ukikasirika katikati, nakuomba usiichane. Fika mwisho kwanza, halafu kasirika unavyotaka.

Nusu ya habari unayo. Unajua kwamba Jumatatu ya tarehe 29 Aprili lori la mafuta la kampuni yetu lilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Kyela. Unajua dereva alikuwa baba mkwe wangu, baba yake Lugano, na kwamba Alinanuswe, yule mama anayeuza ndizi barabarani, amekatwa mguu. Pengine hujajua kwamba Ijumaa hii, yaani keshokutwa, kamati ya kampuni inakaa hapa Tukuyu kuamua kosa ni la nani, na polisi wanaisubiri karatasi ya kamati hiyo ndipo wampeleke mzee mahakamani. Mzee mwenyewe amekwisha kukiri. Amesema alipita kituo chetu bila kusimama akaguliwe. Kwa maneno hayo amejitia kitanzi kwa mikono yake: leseni inakwenda, kazi inakwenda, na kwa mguu wa yule mama anaweza kufungwa jela akiwa na miaka sitini na mbili.

Nimesikia pia ulivyosema mbele ya akina mama wa kanisani, kwamba mzee alipaswa kupumzika siku nyingi, na kwamba angesimama kwa binti yako ajali ile isingetokea, kwa kuwa binti yako ana macho makali. Habari hizo zilinifika nikiwa naosha vyombo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na masufuria.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana nadhani mpaka leo unaniona nimeshika bomba nikijazia pikipiki mafuta. Siyo hivyo. Malori yanayotoka Dar es Salaam kupeleka petroli na dizeli Malawi hupita hapa kwetu, na ukishatoka Tukuyu barabara inaporomoka, kona juu ya kona, ukungu, mvua, ng'ombe, watoto wa shule, mikungu ya ndizi imepangwa kandokando. Kwa hiyo kampuni ikaamua kila lori lake lisimame hapa Ibighi kabla ya kushuka. Tuko wawili, mimi na Nelson. Tunakagua matairi, mitungi ya kuzimia moto, sili za tangi kama hazijaguswa, halafu breki. Breki hazipimwi na mtu mmoja, mama. Mmoja anapanda juu, anakaa kiti cha pembeni ya dereva na kumwambia akanyage, aachie, akanyage tena. Mwingine yuko chini, anatazama kwenye kila tairi kile chuma kinachoisukuma breki. Breki ikiwa imelegea, chuma kile hutoka kupita kiasi, lakini huwezi kujua mpaka mtu akanyage. Yule wa juu ana kazi nyingine pia: amtazame dereva machoni, amnuse mdomo kama ana pombe, amuulize amelala saa ngapi. Nelson ni fundi, ndiye wa chini. Wa juu ni mimi.

Mwaka juzi mkuu wetu wa usalama, bwana Prosper, mtu wa Dar mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alituita Mbeya kwenye mafunzo. Alichora milango ubaoni, mmoja nyuma ya mwingine, akasema ajali ni mwizi anayeingia siku milango yote ikiwa wazi, kwa hiyo kila mtu afunge mlango wake hata kama anadhani mwenzake amefunga. Kisha akatutaka tutaje hatari zote za njia yetu. Tukataja: ukungu, usingizi, pombe, matairi yaliyokwisha, wezi wa mafuta, watu kukimbilia na ndoo lori likianguka, haraka za watu wa ofisini. Hapo kwenye haraka za ofisini bwana Prosper alikohoa, lakini aliandika. Mimi ndiye niliyetaja nyingi kuliko wote, nikapewa cheti na picha nikapigwa. Hakuna aliyetaja mkwe. Nani angemtaja? Bwana Prosper angecheka mpaka adondoke.

Basi mwaka jana mwezi wa nane baba mkwe akahamishiwa njia yetu kutoka njia ya Tunduma. Na mimi, mama, unajua ulivyonilea. Wiki ya kuolewa kwangu ulinikalisha chini ukaniambia mkwe wa kiume hatazamwi, hasemeshwi, jina lake halitajwi, na ukikutana naye njiani unajitoma migombani mpaka apite. Ukanisimulia kwa fahari jinsi wewe ulivyomwona babu, mkwe wako, ghafla kwenye njia ya mtoni, ukaruka majini na ndoo kichwani, ukatoka umelowa chapachapa na kijiji kizima kikakusifu. Kutila, ulisema, ni kuogopa kwa heshima, na mwanamke asiyejua kutila hakulelewa. Wako wenzangu hapa mjini wanaokula meza moja na wakwe zao na kutaniana nao. Wakwe zangu hawakuliacha jambo hili, ijapokuwa ni wazee wa kanisa, na mimi sikutaka kuitwa mke asiye na adabu. Miaka saba ya ndoa sikuwahi kuuona uso wa mzee yule. Nilimjua kwa kikohozi, kwa kofia yake ya sufu na kwa mgongo.

Siku ya kwanza alipoingia kituoni nilikuwa nakwenda lorini na fomu zangu mkononi. Nikaiona ile kofia. Mama, niligeuka nikakimbia hadi stoo, nikalikanyaga kopo la grisi, nikaanguka. Yeye naye, Nelson aliniambia baadaye, alilala juu ya usukani na kujifunika koti kichwani. Nelson ni Mnyakyusa mwenzetu, alicheka mpaka akakaa chini, lakini alielewa bila kuambiwa. Tangu siku hiyo mzee akawa anapiga honi mbili fupi getini, mimi naingia stoo, na Nelson anakagua peke yake, akimpigia kelele mzee akanyage na aachie. Wakimaliza ananiletea fomu, natia sahihi pale pa mkaguzi wa pili, kana kwamba nilikuwa kwenye kiti. Hatukumwambia mtu. Tuliona ni jambo la nyumbani tu, na tena mzee ni dereva safi, miaka thelathini barabarani bila hata kukwaruza bampa.

Sasa Jumatatu ile. Kwenye saa kumi alasiri kijana mmoja wa bodaboda alinipigia simu akipiga kelele kwamba gari letu liko chini, kona ya pili baada ya mashamba ya chai. Nilibeba mitungi miwili ya kuzimia moto nikapanda nyuma ya pikipiki nyingine. Ukungu ulikuwa mzito, lakini harufu ya petroli tuliipata kabla hatujaiona kona. Nikamwambia dereva azime pikipiki pale pale, nikakimbia kwa miguu. Tela lilikuwa limelala ubavu, kichwa cha lori kimejikunja kwenye tuta, na petroli inamwagika mtaroni kama mto, inateremka kuelekea kwenye nyumba ambazo moshi wa mafiga ulikuwa unatoka. Na watu, mama! Walikuwa wanakuja na ndoo, na madumu, na masufuria, wengine na watoto mgongoni. Wanacheka kama wanakwenda kwenye mavuno.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Niliwatukana, nakiri. Niliwaambia kila mmoja anaona petroli lakini mimi naona maiti. Mzee mmoja akanijibu kwamba mafuta yaliyomwagika ni ya Mungu, nikampokonya dumu nikalipiga teke likaingia kwenye chai. Vijana wawili wa boda wakaja upande wangu, nikawatuma wakimbie nyumba hadi nyumba wakamwambie kila mama auzime moto wake kwa maji na asiwashe hata kibatari. Alinanuswe tulimkuta chini ya mikungu yake, amekaa ameegemea tuta, ananiuliza kwa upole kama mguu bado upo. Nilimdanganya kwamba upo. Akina mama wenzake wakambeba kwa kitenge mpaka juu kwenye gari la chai.

Ndipo nikaenda kwenye kichwa cha lori, kwa sababu ilibidi mtu akate betri, na aliyejua ilipo ni mimi. Mzee alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, damu inamtoka kichwani, mkono wa kushoto umevunjika, miguu imebanwa. Aliposikia sauti yangu akafungua macho. Na unajua alifanya nini, mama? Aliunyanyua ule mkono mzima akajifunika uso. Amebanwa kwenye chuma, petroli inatiririka chini yake, cheche moja ingetumaliza wote wawili, na yeye anamstahi mkamwana wake. Nilikata betri nikilia. Nilimshika kichwa kisilegee mpaka watu walipokuja na shoka, na muda wote huo hakuushusha mkono.

Hospitali polisi walimfuata akiwa bado na nyuzi mbichi kichwani. Walipomuuliza kama alikaguliwa Ibighi, akawajibu kwamba hakusimama, alikuwa na haraka, akapita getini moja kwa moja. Lugano alikuwepo akasikia. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akasema baba yake amewaaibisha, akasema mzee aliyemfundisha kufunga hata geti la ng'ombe mara mbili leo ameshindwa kusimama dakika kumi. Nilikuwa napakua chakula. Nikaendelea kupakua.

Bwana Prosper alikuja na mafundi kutoka Mbeya. Walilifungua tela wakakuta breki za ekseli mbili hazishiki kabisa. Alisema kwa huzuni kwamba Nelson asingekosa kuona, wala mimi, kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa kupimwa na kuonekana papo hapo. Akaomba kitabu cha fomu. Fomu zetu zina namba, na namba moja haikuwepo. Nilimwambia ililowa mvua nikaitupa. Alinitazama, akatikisa kichwa, akasema kazi yetu ni ngumu na mazingira ni magumu, akafunga kitabu. Aliniamini, mama. Ni mimi wa cheti. Baadaye akatueleza kwamba kwa kuwa dereva alikiuka utaratibu kwa kutosimama, watu wa bima watakataa, na kampuni nayo itanawa mikono. Alinanuswe itabidi amdai mzee mwenyewe. Mzee ana migomba na ng'ombe wawili. Hata vyote viuzwe, mguu haununuliwi.

Juzi nilikwenda kumtazama Alinanuswe. Nilimpelekea uji. Alinishika mkono hakutaka kuuachia, akaniambia kama si mimi nyumba yake na wajukuu wake wangeteketea, na kwamba ananiombea kila asubuhi. Kuhusu mzee hakusema neno baya, alisema tu kwamba Mungu ndiye anayejua kwa nini mtu mzima kama yule alikataa kusimama.

Mama, alisimama.

Alipiga honi mbili getini saa nane mchana kama kawaida yake. Nelson hakuwepo, alikuwa amekwenda Ikuti kumzika mjomba wake. Nilikuwa peke yangu, na utaratibu unasema wazi: mmoja akikosekana, lori linalala hapo mpaka kesho. Lakini ofisi ya Mbeya ilikuwa imenipigia mara tatu, wananiambia vituo vya Malawi vimekauka, lori livuke mpaka kabla haujafungwa. Niliposikia honi niliingia stoo nikafunga mlango. Mzee akazima injini. Akamsubiri Nelson. Nikamsikia anazunguka lori, anakohoa, anarudi. Hatimaye akaelewa kwamba nipo peke yangu.

Ndipo akaanza kuzungumza na tela. Alisimama katikati ya uwanja akaliambia kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa, kama wazee wetu wanavyomsemesha ng'ombe wanapotaka watu wa ndani wasikie. Aliliambia kwamba tangu mteremko wa Kiwira linamsukuma kwa nyuma, akikanyaga haliitiki. Kwamba hajui kama ni uzee wake au ni breki. Kwamba wapo watoto wenye macho hapa, wakitazame kila kitu vizuri wala wasimwonee haya, yeye anakwenda kukaa nyuma ya miparachichi na hatarudi mpaka wamalize. Akaenda kweli. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona kwenye ufa wa mlango, amekaa juu ya jiwe, amenipa mgongo, koti kichwani.

Nilimsikia kila neno. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Asije mtu akakuambia kwamba sikusikia.

Nilitoka. Nilizunguka lori, nikapiga matairi, nikapiga magoti kwenye matope nikavitazama vile vyuma. Vilikuwa vimetulia, lazima vitulie, hakuna aliyekanyaga. Kilichotakiwa ni nimwambie mzee apande akanyage. Neno moja. Nilisimama pale mdomo wazi na neno halikutoka, mama, haki ya Mungu halikutoka, kana kwamba umekaa nyuma yangu umenishika koo. Ningeweza kumwita mtu yeyote wa njiani, hata mwendesha boda, akanyage pedeli mara kumi. Niliona haya ataniuliza kwa nini dereva asikanyage mwenyewe. Ningeweza kulilaza lori. Simu ya Mbeya ikalia tena. Nikaandika kwenye fomu: breki zimepimwa, ni nzuri. Nikatia sahihi yangu, nikaiga na ya Nelson, nikaweka nakala ya dereva kwenye kiti chake, nikarudi stoo.

Mzee alirudi akaisoma. Nilimsikia anasema ndaga fijo, asante sana, akiuambia usukani, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Ikiwa karatasi imesema ni nzuri, basi ni uzee wake. Akawasha gari, akashuka mteremko na neno langu.

Nakala yake aliichanachana mwenyewe. Lugano alivikuta vipande kwenye mfuko wa koti lenye damu akavitupa, hakujua ni nini. Nakala ya ofisi niliing'oa mimi jioni ile ile. Nilishika kiberiti nikashindwa. Jumapili ya tarehe tano nilipokuja kukuona, wewe ulipotoka kuchuma mboga, nililifungua sanduku lako la vitenge nikaiweka chini kabisa, ndani ya kile kitenge cha msiba wa baba ambacho huwa hukigusi. Nimekufanya mshiriki wangu bila kukuuliza. Kwa hilo peke yake nastahili fimbo.

Mzee ameniletea ujumbe. Alimwambia Lugano, bila kumweleza sababu, kwamba mkamwana wake asiseme lolote kwenye kamati, yeye amekwisha kuendesha vya kutosha na mimi nina watoto wadogo. Na wewe uliniambia kwenye simu kwamba Mungu ameniepusha na kesi hii ya mzee, ninyamaze. Kila anayenipenda ananiambia ninyamaze. Nimechoka, mama. Nilinyamaza saa nane mchana siku ile na matunda yake yamelala wodini.

Jana nilimwambia Lugano yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli baba yake aliongea na tela, nikasema ni kweli. Akatoka nje akakaa kwenye mvua. Aliporudi alisema niende nikaseme, lakini nikuandikie wewe kwanza, kwa kuwa aibu hii itafika na kwako.

Maelezo yangu nimeshayaandika. Yanaanza hivi: Mimi Atupakisye Mwaisumo, mkaguzi wa kituo cha Ibighi, sikupima breki za lori lililoendeshwa na Ambindwile Mwasomola. Alisimama. Aliniambia kuna tatizo. Nilimsikia, nikaandika uongo. Ndiyo, mama, nimeliandika jina lake, na Ijumaa nitalitamka mbele ya watu wote, naye atakuwepo kwenye kiti cha magurudumu. Akijifunika uso tena nitamwomba aushushe mkono. Nitawaambia pia ni kwa nini sikutoka stoo, wacheke wakitaka, halafu nitawaomba waandike ubaoni kwamba mkaguzi asipangiwe gari la mkwe wake. Kazi najua nimeipoteza, na huenda zamu ya mahakama ikawa yangu. Kama hayo yatatokea, watoto watakuja kwako. Sikuulizi kama utawapokea, nakujua.

Sikulaumu kwa ulivyonilea. Adabu uliyonipa ni nzuri. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali ambapo ilipaswa kusubiri nje.

Nisalimie shangazi, mchungaji na akina mama wote wa Nkunga, na usiwafiche, waambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia sokoni. Goti ulichue asubuhi na jioni.

Anayekuletea barua hii ni wifi yangu Tulia, binti wa mwisho wa mzee. Hajui kilichoandikwa, nimemwambia nakuomba kitenge cha kuvaa Ijumaa. Ukiichoma fomu iliyomo kwenye kile cha msiba nitakwenda hivyo hivyo na nitasema kwa mdomo, lakini wanaweza kudhani namtetea mkwe wangu tu, na karatasi ile ina mwandiko wangu. Tulia atakuwa amekaa hapo mbele yako anakungoja. Mpe ndizi na chai ya moto, ametoka hospitali hajala. Mtazame usoni, watu wote husema amefanana na baba yake. Halafu mama, nakuomba, asirudi mikono mitupu.

Mwanao,
Atupakisye